Seti ya biti tatu za milango ya kabati: itafuata mkato wa mlango wa zamani?

Kisanduku ni cha mbao nyepesi, chenye kifuniko cha kutelezesha. Ndani mna biti tatu, yaani visu vya mashine ya ruta, kila moja imesimama kwenye tundu lake: mbili za fremu, moja ya paneli. Miguu yote, sehemu inayobanwa kwenye mashine, ni ya nusu inchi, visu ni vya kabaidi vilivyolehemiwa kwenye chuma, na mkato, yaani umbo la nakshi kwenye ukingo wa fremu, ni ule wa S, tumbo juu na bonde chini, wenye kidaraja kidogo, ngazi ya pembe kali, kwenye uso wa mlango. Jina la kiwanda hakuna. Maelezo ni mchoro mmoja mdogo uliobandikwa ndani ya kifuniko. Seti za namna hii huuzwa kwenye maduka ya vifaa Mombasa na kwa wauzaji wa mtandaoni, na mara nyingi anayeiulizia ana shida moja: kabati la jikoni lina milango sita, mmoja umeoza kwa maji ya sinki au umeliwa na mchwa, mitano ni mizima, na mwenye nyumba hataki kubadilisha yote.

Kwa jikoni jipya seti hii inafaa, tena inafaa sana. Kwa kuufuata mlango ambao tayari upo, inafaa mara chache kuliko muuzaji anavyodai, na sababu si ubora wa chuma. Biti mbili za fremu ni pacha: moja inakata umbo, nyingine inakata kinyume cha umbo hilo hilo ili vipande viumane kwenye kona. Ukitaka kulibadili umbo hata kwa nusu milimita lifanane na la zamani, pacha wa pili hana habari. Kona itaacha mwanya.

Katika maandishi haya mwimo ni kipande cha fremu kinachosimama, na reli ni kile kinacholala.

Mlango kwanza, duka baadaye

Kabla ya kupima chochote, hakikisha mkato umo kwenye fremu yenyewe. Makabati mengi ya zamani ya kazi ya mkono yana fremu ya mraba iliyoungwa kwa ulimi na tundu, halafu mkanda wa nakshi umekatwa kona za nyuzi 45 na kupigiliwa kuizunguka paneli. Rangi ikishapakwa mara tano, mkanda na fremu huonekana kitu kimoja. Pitisha ncha ya kisu pale mkato unapokutana na uso wa mwimo. Kisu kikipata mstari wa kuingia, ukaenda sambamba na ukingo kutoka kona hadi kona, huo ni mkanda. Vipele vya puti vilivyopangana kwa nafasi karibu sawa ni vichwa vya misumari iliyozamishwa. Kwa mlango wa hivyo seti hii ni hasara tupu. Unachohitaji ni futi chache za mkanda na kisanduku cha kukatia kona. Usidanganywe na kona yenyewe, kwa sababu hata kona iliyokatwa kwa biti pacha huonyesha mstari wa mshazari kama wa nyuzi 45.

Mkato ukiwa ni wa fremu, tafuta umbo lake la kweli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana watu hupima rangi badala ya mbao. Tabaka za rangi ya mafuta huzungusha kila pembe kali na kujaza bonde. Kwangua rangi yote hadi kwenye mbao, sentimita tano tu, kwenye reli ya chini ambako hakuna anayeinama kutazama. Kipimo cha sindano, kile kinachofanana na sega, hutoa picha ya jumla. Lakini sindano zake zina unene wa karibu milimita moja, kwa hiyo kidaraja cha milimita moja na nusu hupotea ndani yake. Filla ya kuziba mabodi ya magari hufanya kazi nzuri zaidi kwa gharama ndogo. Paka mafuta ya mgando kwenye mbao, safu nyembamba sana, ifute mpaka ibaki mng'ao tu. Changanya filla na dawa yake ya kukazia, lakini dawa iwe kidogo kuliko kawaida, kwani kwa joto la Mombasa mchanganyiko hushika kabla hujaufikisha mlangoni. Ikandamize kwa kipande cha mbao, iache ikaze mpaka ukucha usiingie, kisha ing'oe kwa upande. Ikate katikati kwa msumeno wa chuma na usugue uso wa mkato kwenye msasa namba 180 uliolazwa juu ya kioo. Sasa una kinyume kamili cha mlango wako, chenye pembe zote.

Kutoka hapo chukua vipimo vinne kwa kalipa: unene wa fremu, umbali kutoka uso hadi mwanzo wa mfuo wa paneli (mfereji ambamo paneli huingia), kina cha mkato kutoka ukingo wa ndani kwenda kwenye mwimo, na kimo cha kidaraja cha juu. Fremu za mashine zilizofuata inchi huwa na kina cha 9.5 mm, yaani tatu ya nane ya inchi, na mfuo wa 6.35 mm. Zilizofuata milimita mara nyingi huwa na 10 na 6. Mlango uliopigwa randa kwa mkono hubadilika ndani ya mlango mmoja; pima sehemu tatu kabla ya kuamini namba yoyote.

Si kila kosa linaonekana sawa. Jicho likiutazama mlango halisomi umbo, linasoma kivuli, na kivuli kikali hutoka kwenye kidaraja cha juu. Kidaraja kikipungua kwa nusu milimita, mlango mpya utaonekana umefifia kando ya wenzake, hasa ukiwa na rangi nyeupe ya kung'aa na dirisha liko ubavuni. Lakini bonde la S likitofautiana kwa nusu milimita karibu na paneli, hakuna atakayejua ila wewe. Kwa hiyo ukilinganisha biti na mlango, samehe chini, usisamehe juu.

Biti zenyewe

Biti ya kwanza hukata mkato na mfuo kwa pamoja kwenye ukingo wa mwimo na reli. Hii ndiyo bora katika kisanduku. Visu vyake viwili vina kabaidi ya kutosha kunolewa tena mara kadhaa, na kwenye mkangazi au saipresi huacha uso usiohitaji zaidi ya msasa namba 180. Kwenye mvule mambo ni mengine. Nyuzi za mvule husokotana, sentimita kumi zinakwenda huku na kumi zinazofuata zinarudi, kwa hiyo popote biti inapokutana na nyuzi za kinyume hung'oa vipande. Dawa yake ni kukata kwa mipito mitatu, wa mwisho uondoe si zaidi ya nusu milimita. Isitoshe mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake, na kijiwe kimoja kinatosha kumega ncha ya kabaidi. Ukiona doa jeupe gumu kwenye ukingo, litoe kwa patasi kuukuu kabla ya kuwasha mashine. Na vaa barakoa; vumbi la mvule huwasha ngozi na koo.

Biti ya pili hukata kinyume kwenye vichwa vya reli, na malalamiko mengi huanzia kwake. Visu vyake ni vipande viwili vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja na beringi katikati, vimetenganishwa kwa washa. Ulimi unaotoka lazima uingie kwenye mfuo wa biti ya kwanza kwa kusukumwa na kidole gumba, usihitaji nyundo na usicheze. Kwenye seti hizi za bei ya chini ulimi mara nyingi hutoka mnene au mwembamba kwa 0.1 au 0.2 mm. Unaweza kurekebisha: ukiongeza washa kati ya visu, ulimi hunenepa, ukipunguza, hukonda. Kisanduku kizuri huja na washa za akiba. Kama hakina, karatasi ya alumini ya kufungia chakula iliyokatwa duara huongeza sehemu moja au mbili za mia ya milimita kwa kila tabaka, nayo hudumu kwa kazi ya siku moja. Fungua nati ya juu kwa spana ya saizi yake. Koleo huvuruga nati, na nati iliyovurugika kwenye kitu kinachozunguka mara 18,000 kwa dakika si jambo la mzaha.

Beringi za biti zote tatu ndizo sehemu dhaifu. Huja na grisi kidogo, na hewa ya pwani yenye chumvi huzimaliza upesi. Beringi ikigoma huzunguka pamoja na biti badala ya kusimama kwenye mbao, na alama yake ni mstari mweusi ulioungua kando ya mkato. Mafundi wengi huushika mwendo wa mashine kuwa ndio mkosaji. Zungusha beringi kwa kidole kwanza. Ikiwa kipimo chake ni tundu la 8 mm, nje 22 na unene 7, namba yake ni 608, na hiyo inapatikana maduka mengi ya vipuri. Lakini pima: zipo zenye tundu la inchi, 7.94 mm, nazo hazibadilishani na za 8.

Biti ya tatu, ya kuinua paneli, ina kipenyo cha zaidi ya 80 mm. Kabla ya kuifurahia tazama tena kabati lako. Ikiwa paneli za zamani ni plaiwudi bapa, utakuwa umenunua sahani nzito ya chuma ya kukaa kisandukuni. Ikiwa ni za kuinuka, kumbuka kwamba mteremko wa paneli nao una umbo lake, na uwezekano wa biti ya paneli kufanana na ya zamani ni mdogo kuliko wa biti za fremu.

Ruta gani, na mguu upi

Nusu inchi ni 12.7 mm. Koleti, yaani kikazio cha ruta kinachobana mguu, ikiwa ya 12 mm haiupokei mguu huo, na mguu wa 12 ndani ya koleti ya nusu inchi hukazwa kwa uongo: utaonekana umeshika ukiujaribu kwa mkono, kisha utapanda wakati wa kukata na kuharibu mwimo. Ruta nyingi kubwa zinazofika kwetu huja na koleti ya 12. Makita RP2301FC, kwa mfano, ni mashine ya wati 2,100 yenye mizunguko ya kati ya 9,000 na 22,000, inayoweza kazi hii bila kulalamika, lakini kulingana na soko ilikotoka koleti yake huwa ya 12 mm au ya nusu inchi. Dukani mazungumzo huwa hivi:

"Ami, hii yaingia ruta yoyote."

"Haya bwana, nishikie koleti yangu, utie mwenyewe."

Beba koleti mfukoni. Inamaliza ubishi pasipo kuvunjiana heshima.

Trima, ile ruta ndogo ya mkono mmoja, isahau kwa biti hizi. Makita 3709 ina wati 530 na mwendo mmoja tu, mizunguko 30,000, na huchukua mguu wa 6 mm au robo inchi. Wapo wanaotafuta biti za fremu zenye mguu wa robo inchi ili waitumie. Hesabu inakataa: biti yenye kipenyo cha 42 mm kwa mizunguko 30,000 inapeleka ncha ya kisu mita 66 kwa sekunde, kwa 18,000 ni mita 40, ambayo ni salama. Biti ya paneli ya 85 mm haifai kuvuka 12,000. Trima ina kazi yake katika habari hii, itakuja baadaye.

Neno moja kuhusu ruta za mitumba. Ya Marekani ni ya volti 120, ya Uingereza ya kazi za ujenzi, yenye plagi ya manjano, ni ya 110. Kwetu ni 240. Ukiichomeka bila transfoma yenye uwezo wa wati zake utasikia sauti nzuri kwa sekunde mbili.

Kuitumia

Meza ya ruta ni lazima. Biti hizi hazishikiki kwa mashine iliyoshikwa mkononi, na fensi, ukuta wa kuongozea mbao, iwe sambamba kabisa na uso wa beringi. Ingiza mguu wote ndani ya koleti, kisha uurudishe nje milimita mbili au tatu. Mguu uliogusa kitako hulegea mashine ikipata moto. Mbao huingia kutoka kulia kwenda kushoto. Uso wa mlango uwe chini kwa biti zote mbili, bila kubadilisha katikati ya kazi. Kipande kimoja kikigeuzwa, mfuo wake utakuwa mahali tofauti na wa wenzake na hakuna njia ya kukiokoa.

Kata urefu wa reli kwa hesabu hii: upana wa mlango, toa upana wa miimo miwili, ongeza kina cha mkato mara mbili. Mlango wa 450 mm wenye miimo ya 57 na kina cha 9.5 unataka reli ya 450 toa 114 jumlisha 19, yaani 355. Paneli bapa ya plaiwudi hupata upana ule ule wa reli ukipunguza milimita tatu. Aliyesahau kuongeza ile 19 hupata mlango mwembamba kuliko tundu la kabati, na hilo ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayeanza.

Vichwa vya reli hukatwa kwanza, kabla ya kingo. Reli ni nyembamba na hupenda kuzunguka mbele ya fensi, kwa hiyo ifunge kwenye kibao cha mraba kinachosukumwa pamoja nayo, na nyuma yake weka kipande cha mbao taka ili nyuzi zisimeguke biti inapotoka. Kichwa kikatwe kwa mpito mmoja. Baada ya hapo ndipo ukingo wa ndani wa reli na miimo unakatwa kwa biti ya kwanza, na huo mpito husafisha meguko dogo lolote lililobaki kwenye kona.

Ujanja wa kulinganisha na mlango wa zamani uko kwenye mpangilio huu: weka biti ya kwanza kwa kipande kilichokatwa kutoka mwimo ulioharibika, mashine ikiwa imechomolewa, uinue na kushusha mpaka mfuo na kidaraja vikae kwenye visu bila mwanga kupita. Kata mbao taka yenye unene sawasawa, ikutanishe na ile filla, elekeza kwenye taa. Ikikubali, funga biti hiyo na usiiguse tena. Marekebisho yote yanayobaki yafanywe kwa biti ya pili. Reli ikichomoza juu ya mwimo kwa 0.3 mm, biti ya vichwa ndiyo inayosogezwa hiyo 0.3. Anayezigusa zote mbili kwa zamu atamaliza mbao taka zake zote na saa ya chakula.

Unene una mtego wake. Biti hizi zimetengenezwa kwa mbao za 18 hadi 22 mm. Mbao ya inchi moja iliyopasuliwa, ikipigwa randa, huangukia humo. Lakini milango mizito ya zamani huwa 25 na zaidi. Biti ya kwanza haijali, inahesabu kutoka uso. Ya pili haifiki nyuma, inaacha ukanda usiokatwa kwenye kichwa cha reli. Ukanda huo uondoe kwa msumeno na patasi kabla ya kujaribu kuunga, la sivyo kona haitafunga na utadhani ulimi ndio mnene.

Mfuo wa robo inchi na plaiwudi inayoitwa ya milimita sita havipatani. Plaiwudi hiyo mara nyingi haifiki hata sita kamili, kwa hiyo paneli itagonga kila mlango ukifungwa. Tone la gundi katikati ya reli ya juu na ya chini hulituliza, kwa plaiwudi tu. Paneli ya mbao nzima usiigundishe kamwe. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni kawaida yetu, mbao hutulia ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 14. Ukiutengeneza mlango kwenye karakana ya wazi kisha ukafungwa kwenye fleti ya Nyali inayolala na kiyoyozi, paneli itasinyaa na kutoa kichirizi cha mbao isiyo na rangi kando ya fremu. Paka rangi au vanishi paneli nzima, hadi ndani ya kingo, kabla ya kuifungia kwenye fremu. Na uiachie nafasi ya milimita mbili kila upande.

Ulimi wa 9.5 mm uliogundishwa unatosha mlango wa kabati la juu. Kwa mlango wa kabati la nguo unaozidi mita moja hautoshi. Ongeza vigingi vya mbao vya 8 mm, viwili kila kona, utoboe kabla ya kukata vichwa vya reli.

Mshindani wake ni bledi kuukuu

Seti ikishakataa kulingana na filla yako, na kwa makabati ya mkono itakataa mara nyingi, kuna kifaa kinachotengenezwa kwa kipande cha msumeno wa mkono uliochakaa. Kata bati la chuma chake upana wa vidole viwili. Chora juu yake umbo la filla, maana filla tayari ni kinyume cha mkato, sawa na kisu kinavyotakiwa kuwa. Lifuate kwa tupa ndogo, moja ya duara na moja ya pembe tatu, ukishika tupa mraba kabisa na ubapa wa chuma. Malizia kwa jiwe la mafuta ubavuni pande zote mbili. Kisu hakitaki makali ya kuchongea penseli. Pembe ya nyuzi 90 iliyo safi ndiyo inayokwarua.

Mpini ni kipande cha mbao ngumu chenye umbo la L, kimepasuliwa kwa msumeno ili chuma kikae ndani, kikabanwa kwa boliti mbili. Mguu wa L hutembea kwenye ukingo wa mwimo. Kilaze kidogo kuelekea unakokwenda, anza mwisho wa mwimo ulio mbali nawe, mipito mifupi mifupi, ukirudi nyuma kila mara. Mipito ya kwanza inatoa vumbi. Umbo likishashika ndipo inatoa nyuzi nyembamba kama za nazi iliyokunwa. Mvule na mbambakofi huupenda mkwaruo huu kuliko biti, kwani chuma haking'oi nyuzi zilizosokotana. Saipresi laini haiupendi. Huota manyoya na huhitaji msasa mwingi. Kata mkato kwanza, mfuo wa paneli baadaye, ili ukingo uwe na mwili wa kuhimili. Mfuo ndiyo kazi ya ile trima ndogo: biti nyoofu ya 6 mm, fensi yake, mipito mitatu.

Udhaifu wake ni kona. Hakuna pacha wa kukata kinyume. Mkato wa kila kipande hukatwa nyuzi 45 kwenye kona pekee, na nguvu ya mlango ibebwe na ulimi na tundu au vigingi nyuma yake. Mlango mmoja kwa njia hii unakula sehemu kubwa ya siku. Mitatu ni siku mbili nzima na mgongo. Ikifika minane, peleka filla kwenye karakana yenye mashine ya spindo, wakunolee visu viwili vya umbo hilo. Gharama ya kunoa hugawanyika kwa milango minane na kila mita hutoka sawa.

Uamuzi

Nunua seti ikiwa mlango wako ni wa mashine, kina chake ni 9.5 mm, unene hauzidi 22, na kidaraja cha juu kinalingana na sampuli. Kwa vipimo hivyo utapata mlango wa sita ambao hata aliyeutengeneza atahesabu milango kutafuta upi ni wake. Nunua pia kama jikoni zima linabadilishwa, kwa sababu hapo milango inafuatana yenyewe kwa yenyewe. Kama duka linauza biti mbili za fremu bila ya tatu, chukua hizo. Ile biti moja yenye visu vya kupangua na kugeuza, inayodai kufanya kazi za zote mbili, iepuke kwa kazi ya kulinganisha: kila ukipangua unapoteza mpangilio uliohangaikia.

Kwa mlango mmoja au miwili ya mkono, bledi kuukuu na tupa mbili zinashinda kisanduku kizima, na hatulisemi hilo kwa ubahili.

Ukienda dukani beba vitu vitatu: koleti, kalipa, na kipande cha kadi ya plastiki kilichokatwa umbo la mlango wenyewe, si la filla. Iegemeze kadi kwenye kisu, taa nyuma yake. Pitisha ukucha kwenye pembe za kabaidi. Pembe iliyomegeka huhisika kabla ya kuonekana. Pima mguu, uwe 12.7 na si 12.5. Zungusha beringi zote tatu kwa kidole: ikikwama au ikatoa sauti ya mchanga, omba kisanduku kingine.